Kikao ambacho kila mtu ana pa kusemea: mwongozo kwa anayeongoza mazungumzo ya jamii

"Jisikieni huru kuchangia." Karibu kila anayeongoza kikao huitamka sentensi hii, na karibu kila mara haibadilishi kitu. Waliozoea kuongea wanaongea. Waliokuja wakiwa na shaka kama neno lao lina uzito wanaondoka na shaka ileile. Mwishoni mwenyekiti anauliza, "Tumekubaliana?", sauti chache za mbele zinaitikia, na katibu anaandika kwamba wajumbe wote waliridhia. Baada ya wiki mbili watu hawafuati kilichoamuliwa, na kamati inabaki kulalamika kwamba jamii haina ushirikiano.

Watu wengi hawanyamazi kwa sababu ya haya. Wananyamaza kwa sababu kikao kimepangwa kwa namna inayompendelea mwenye sauti kubwa, mwepesi wa kujibu, mwenye cheo na anayeimudu vizuri lugha inayotumika. Ukiwahimiza bila kugusa mpangilio huo, unawabebesha lawama ya ukimya ambao hawakuutengeneza wao. Kazi ya mwezeshaji ni kuupanga upya mwenendo wa mazungumzo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla ya mtu wa kwanza kuketi.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Mtaa una kiwanja kimoja cha wazi. Vijana wanacheza mpira jioni, wazee wanakuja kupumzika, wazazi wanaleta watoto wadogo, na siku za mapumziko kuna watu wanaouza vitu vidogovidogo. Ugomvi umeanza kuhusu nani akitumie saa ngapi. Umeombwa uongoze kikao.

Hatua ya 1: Jua kikao ni cha nini, na ukiseme

Kikao kinaweza kuwa cha kutoa taarifa, cha kukusanya maoni au cha kuamua. Mambo haya matatu yanachanganywa kila siku, na hapo ndipo imani ya watu inapovunjika. Kama kamati imeshaamua kiwanja kifungwe saa mbili usiku, usiwaite watu "kujadiliana" saa za kufunga. Waambie saa imeshapangwa na kinachobaki kuzungumzwa ni nani atashika ufunguo. Watu huvumilia kuambiwa kwamba jambo fulani halimo mikononi mwao. Wasichosamehe ni kuketi kwa muda wa saa mbili wakitoa maoni kisha kugundua kwamba jibu lilikuwa mfukoni mwa mtu.

Andika kwa sentensi moja swali ambalo kikao kitalijibu. Ukishindwa kuliandika, ahirisha kikao.

Hatua ya 2: Anza na wasiokuja

Orodhesha wote ambao uamuzi utawagusa, halafu weka alama kwa wale ambao kwa kawaida huwaoni kwenye vikao. Kwa kiwanja chetu, huenda ni wauzaji (siku ya kikao wako kazini), wazazi wenye watoto wachanga, wasichana wanaotaka kucheza lakini hawana timu, watu wenye ulemavu ambao hawaingii kiwanjani kabisa kwa sababu lango lina ngazi, na wahamiaji wapya ambao hakuna anayewajua kwa jina.

Usiwatumie hawa tangazo tu. Mfuate mmoja au wawili kutoka kila kundi, uwaulize maswali mawili: ni saa gani mnaweza kuja, na ni nini kitawafanya msije? Majibu yatakushangaza kwa udogo wake. Mara nyingi kizuizi ni saa, au hakuna wa kubaki na mtoto, au eneo lililochaguliwa ni la kundi fulani na wengine hawajisikii kukanyaga pale. Ukumbi wa bure si wa bure kama robo ya watu hawawezi kuuingia.

Jambo moja zaidi kuhusu uwakilishi. Kumleta kijana mmoja katikati ya watu wazima thelathini ni kumtwisha mzigo. Ataulizwa "vijana mnasemaje?" kana kwamba vijana wote wamemtuma. Walete wawili au watatu, na wawe wa namna tofauti, ili hata wao waweze kupingana mbele ya watu.

Hatua ya 3: Mahitaji ya mwili na ya lugha yapangwe mapema

Waulize watu mahitaji yao wakati wa kuwaalika, wala si mlangoni. Kisha zingatia haya.

Asiyesikia vizuri hutegemea uso na midomo ya msemaji. Mwezeshaji akisimama na dirisha lenye jua nyuma yake, uso wake unakuwa kivuli kitupu. Simama mahali mwanga unapokuangukia usoni, na usiongee ukiwa umegeukia ukuta ukiandika. Kama kuna kipaza sauti, kila mtu akitumie, pamoja na yule anayejisifu kwamba sauti yake inatosha. Kauli ya "mimi nasikika bila hiyo" humfikia kila mtu isipokuwa yule ambaye kipaza sauti kiliwekwa kwa ajili yake.

Mkalimani wa lugha ya alama akikaa saa nzima peke yake anachoka na ubora unashuka, ndiyo maana kwa kikao kirefu hufanya kazi wawili wakipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Wape ajenda na majina yatakayotajwa siku moja kabla. Unapozungumza na kiziwi, mtazame yeye, usimtazame mkalimani, wala usiseme "mwambie kwamba…"

Kama mnatumia lugha mbili za kuongea, na mkalimani anasubiri msemaji amalize ndipo atafsiri, muda wa kila hoja unakaribia kuwa maradufu. Wengi husahau hesabu hii. Ajenda ya vipengele sita inakuwa ya vitatu; kata mapema, kwa sababu usipokata, zitakazokatwa ni tafsiri. Dakika zikianza kuisha utasikia mtu akisema "tutawaeleza baadaye", na hapo kundi zima limeshatolewa kikaoni likiwa bado limekaa kwenye viti.

Kila kilichoandikwa kisomwe kwa sauti. Hii humsaidia asiyeona, asiyesoma, aliyesahau miwani na aliyekaa nyuma, na hakuna anayelazimika kujieleza ni yupi kati ya hao.

Hatua ya 4: Panga viti

Ondoa meza kuu. Wakati watu watano wanawatazama arobaini, mazungumzo yanakuwa ya watano na arobaini, hata kama hao watano ni wapole kiasi gani. Duara hufanya kazi vizuri hadi watu ishirini hivi. Zaidi ya hapo, tengeneza vikundi vidogo tangu mwanzo na uache nafasi za kupita kwa kiti cha magurudumu, si mahali pamoja tu palipotengwa pembeni.

Vikundi viwe vya wangapi? Wanne. Mwanasaikolojia Robin Dunbar na wenzake, waliochunguza mazungumzo ya kawaida ya watu, waliona kwamba maongezi ya pamoja ni nadra kuzidi watu wanne. Akiongezeka wa tano, kundi huelekea kugawanyika au mtu mmoja anageuka msikilizaji. Watu wanane mezani huonekana wachache, lakini katika wanane kuna nafasi ya kutosha ya kujificha.

Hatua ya 5: Makubaliano mafupi

Matatu yanatosha: anaongea mmoja kwa wakati mmoja, tunapinga hoja bila kumshambulia mtu, na tunakubaliana nini kitatoka nje ya kikao hiki na nini kitabaki. Usitundike ukutani orodha ya kanuni kumi na mbili, maana hakuna atakayezikumbuka.

Hilo la tatu linahitaji muda. Kuna kanuni maarufu iliyotungwa mwaka 1927 katika taasisi ya Chatham House huko London: unaruhusiwa kutumia ulichokisikia, lakini usitaje nani alisema wala anatoka wapi. Kwa mkutano wa wageni kutoka sehemu mbalimbali ni kanuni nzuri. Kwa jamii ya watu wanaojuana haitoshi. Ukisema nje kwamba "kuna mama mmoja mwenye pacha alilalamikia vijana", umeshamtaja. Kwa hiyo waeleze watu wazi kwamba simulizi za maisha ya mtu hazitoki kabisa, na kinachotoka ni mapendekezo. Na usiwaahidi usiri ambao huwezi kuulinda. Sema tu, "Tutajitahidi, lakini tuko wengi, yale ambayo ungeumia yakisambaa, usiyaseme hapa. Njoo uniambie pembeni."

Hatua ya 6: Kila sauti isikike ndani ya dakika kumi za kwanza

Mtu aliyekwisha kusema neno moja, hata jina lake tu, huwa mwepesi zaidi kusema la pili. Aliyekaa kimya nusu saa anahisi kwamba neno lake la kwanza sasa lazima liwe zito, na anazidi kulichelewesha. Zungusha swali jepesi ambalo halina jibu sahihi wala kosa. Kwa kiwanja: "Mara ya mwisho ulipita pale lini, na ulikuwa unafanya nini?" Toa ruhusa ya kupita bila kueleza sababu, na mwishoni warudie waliopita uwaulize kama sasa wana la kusema.

Epuka michezo ya kuchangamsha inayodai kukimbia, kugusana au kusimulia jambo la siri. Unachangamsha kumi na kuwafedhehesha watatu.

Hatua ya 7: Uliza swali linalojibika

"Mna maoni gani kuhusu matumizi ya kiwanja?" ni swali la wanasiasa na wazoefu. Asiyezoea vikao hana "maoni kuhusu matumizi", ana lililomtokea. Muulize hilo. "Ni saa gani mmewahi kufika mkashindwa kukitumia? Kilitokea nini?" Hapo mwenye watoto wadogo atakuambia kuhusu mpira uliompiga mwanawe, kijana atakuambia kwamba saa za jioni ndizo pekee alizonazo baada ya kazi, na muuzaji atasema asipopanga bidhaa mapema hakosi kugombana. Kutokana na matukio hayo maoni yatajitokeza yenyewe, na mtaalamu wa maneno hatakuwa na faida juu ya mwingine, kwa kuwa hakuna anayeyajua maisha ya mwenzake kuliko mwenyewe.

Uliza swali moja kwa wakati. Ukiuliza matatu kwa mpigo watajibu la mwisho.

Hatua ya 8: Vumilia kimya

Hapa ndipo wawezeshaji wengi tunapokwama, hivyo tukae kidogo.

Katika maongezi ya kawaida, nafasi kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni fupi mno. Utafiti uliolinganisha lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kote watu hujitahidi kupunguza pengo hilo, na wastani wake unazunguka sehemu ndogo ya sekunde. Maana yake ni kwamba anayeshinda zamu ni yule aliyekuwa na jibu kabla swali halijaisha. Anayetafsiri kichwani kutoka lugha yake, anayehitaji kupima maneno kwa sababu bosi wake yupo chumbani, anayefikiri taratibu tu, wote hawa hufika wakati mlango umeshafungwa.

Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipochunguza madarasa alikuta walimu husubiri takriban sekunde moja baada ya swali, kisha wanauliza tena au wanajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitokeza kujibu waliongezeka, na "sijui" zilipungua. Sekunde tatu! Zihesabu kimoyomoyo ukiwa mbele ya watu, uone zilivyo ndefu.

Kwa hiyo liambie kundi waziwazi: "Nitauliza, kisha tutakaa kimya nusu dakika kila mtu afikiri. Hakuna anayejibu kabla sijainua mkono." Kimya kilichotangazwa hakimtishi mtu. Kile ambacho hakijatangazwa ndicho humfanya mwezeshaji atoe jasho, aanze kufafanua swali lililokuwa wazi, na kulizima kabisa. Wakati huo inamisha macho kwenye daftari lako. Ukiwakodolea watu macho, unawalazimisha wakuokoe, na atakayekuokoa ni yuleyule wa kila siku.

Hatua ya 9: Waongee kwa wachache kabla ya wote

Fikra, wawili, wanne, wote. Kila mmoja anafikiri peke yake dakika moja, anamwambia jirani kwa dakika mbili kila mmoja, wawili wanaungana na wawili wengine, kisha wanne hao wanaleta jambo moja au mawili mbele. Njia hii ni rahisi kuliko zote na ninaiweka juu ya nyingine zote. Sababu yake ni kwamba mbele ya watu wote hakuna anayelazimika kusema "mimi naona". Anasema "sisi tumeona", na maneno yake yameshajaribiwa masikioni mwa watatu.

Ukihitaji orodha ya mawazo mengi yenye kupangwa kwa uzito, tumia utaratibu ambao watafiti Andrew Van de Ven na André Delbecq waliueleza mwaka 1971: watu wanaandika kimya, kisha unazunguka ukichukua wazo moja kwa kila mtu hadi yaishe, bila kujadili, ndipo mnafafanua, mwisho kila mmoja anapiga kura kwa siri kuyapanga. Kinachosaidia ni ule mzunguko wa wazo moja moja. Mwenye mawazo kumi haruhusiwi kuyamwaga yote mezani kabla mwenye moja hajafikiwa. Kwa asiyeandika, mpe mwandishi anayemwamini, au mwache aseme wazo lake zamu yake inapofika bila kuandika popote.

Kifaa cha kushika mkononi, kwamba anayeongea ni mwenye kukishika, kinafaa katika duara dogo lenye hisia kali. Katika kundi kubwa kinachosha.

Unapotumia mikono kuomba zamu, fuata kanuni moja: anayeomba mara ya kwanza anatangulia anayeomba mara ya pili, hata kama aliinua mkono baadaye. Itangaze mwanzoni, ili usionekane unampendelea mtu.

Hatua ya 10: Msemaji wa mara kwa mara

Usimchukulie kama adui. Mara nyingi anarudia kwa sababu haamini kwamba amesikika. Tuseme mzee mmoja ameomba zamu kwa mara ya tatu:

"Mwezeshaji, hili jambo tunalizungusha bure. Miaka yote kiwanja kile kilikuwa kinatulia kabla ya giza…"

"Mzee wangu, samahani nikukatishe. Nimeandika hapa: *kiwanja kitulie kabla ya giza*. Nimeliandika sawa?"

"Sawasawa. Na tena wale vijana…"

"Nashukuru, mzee. Neno lako liko ukutani, halifutwi. Kuna watatu hapa hatujawasikia kabisa. Naomba tuwape wao, kisha nitakurudia nikuulize kama wamekuongezea jambo au wamekupinga."

Mwezeshaji hakusema "muda wako umeisha". Alimwonyesha mzee maneno yake mwenyewe yakiwa yameandikwa, akampa kazi ya kufanya wakati anasikiliza, na akaahidi kumrudia. Ahadi hiyo lazima itimizwe. Usipomrudia, wakati ujao hataachia zamu kwa mtu yeyote, na atakuwa na haki.

Upande wa pili, asiyesema. Usimnyooshee kidole ghafla: "Na wewe dada, mbona kimya?" Wakati wa mazungumzo ya vikundi pita karibu yake, umsikilize, umwambie kwa sauti ya chini, "Hilo la taa ni muhimu na halijasemwa mbele. Utalisema mwenyewe au nilitaje bila jina?" Akikataa yote mawili, mwache. Haki ya kunyamaza nayo ni sehemu ya ushiriki.

Angalia pia mawazo ya mtu yanayochukuliwa na mwingine. Mwanamke anapendekeza kiwanja kigawanywe kwa saa, hakuna anayeitikia. Dakika kumi baadaye mwanamume analisema hilohilo na watu wanaitikia kwa vichwa. Usiliache lipite. "Ndilo alilolileta mama pale mwanzoni. Mama, ulikuwa umeliwazaje zaidi?" Wazo linarudi kwa mwenyewe, na huyo wa pili hajaaibishwa.

Hatua ya 11: Mwenye cheo aseme mwisho

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha majaribio ambayo mtu aliketi na kundi lililokuwa limepangwa kutoa jibu moja la makosa kuhusu urefu wa mistari, jibu ambalo macho tu yangelikataa. Katika raundi hizo za makosa, takriban theluthi ya majibu ya watahiniwa yalifuata kundi. Lakini akipatikana mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi, kufuata huko kulipungua sana.

Kama mstari unaoonekana kwa macho hufanya hivyo, fikiria kiwanja, ambako hakuna jibu la macho na aliyetoa kauli ya kwanza ndiye anayesaini barua yako ya utambulisho. Zungumza na mwenyekiti kabla ya kikao: "Ukisema wewe kwanza, nitapata majibu yako yakirudiwa. Naomba useme mwisho." Wengi hukubali wakielezwa faraghani. Akikataa, basi kusanya maoni kwa maandishi kabla hajafungua kinywa.

Na akitokea mmoja wa kupinga mkondo, mlinde bila kumuunga mkono. "Huu ni mtazamo ambao hatujausikia. Nani mwingine ana lililomtokea linalofanana na hili?" Mara nyingi yupo wa pili, alikuwa anasubiri wa kwanza.

Hatua ya 12: Neno la kuumiza likitoka

Usiliruke kwa kucheka wala usimgeuze msemaji kuwa mshtakiwa. Simamisha, taja kilichotokea, rudi kwenye hoja. "Tuliahidi kutoshambulia watu. Neno 'wahuni' linawabeba vijana wote waliokaa hapa. Kaka, kilichokusumbua ni nini hasa, kelele au lugha yao?" Kisha, wakati wa mapumziko, mfuate aliyeumizwa umuulize anataka nini kifanyike. Usiombe wanakikundi wake waelimishe wengine kuhusu maumivu yao. Hawakuja kwa kazi hiyo.

Wawili wakianza kujibizana, pitisha kila jibu kwako: aliyesikia arudie kwanza alichosema mwenzake hadi mwenyewe akubali, ndipo ajibu. Inachelewesha, na hicho ndicho unachokitaka.

Hatua ya 13: Andika mbele ya macho ya watu

Andika maneno ya msemaji mwenyewe. Akisema "nachoka kubeba mtoto kupita kwenye ngazi", usiandike "changamoto za miundombinu". Umemnyang'anya sentensi yake, na anayesoma muhtasari hatajua kwamba tatizo ni ngazi tatu zinazoweza kurekebishwa. Ukilazimika kufupisha, uliza, "Nikiandika hivi nimekuelewa?" Yanayotoka nje ya mada yaandike kwenye karatasi ya pembeni, na kabla ya kufunga useme kila moja litakwenda kwa nani.

Hatua ya 14: Kuamua bila kuhesabu kimya kama ndiyo

"Kuna anayepinga?" ni njia mbovu ya kuamua, kwa sababu inamtaka mtu mmoja asimame dhidi ya chumba kizima. Tumia vidole: tano ni naunga mkono kwa moyo wote, tatu ni nakubali ingawa nina shaka, moja ni nina pingamizi kubwa, na ngumi ni sikubali kabisa. Wote wainue kwa pamoja ukihesabu hadi tatu, ili asiwepo wa kusubiri kuona jirani ameinua vingapi, na utaje kwa sauti ulichokiona kwa ajili ya wasioona. Anza na wenye vidole vichache: "Ni nini kingebadilika ili upande hadi tatu?" Hapo ndipo uamuzi huboreka. Mwenye kidole kimoja huenda ni muuzaji ambaye mgawanyo wa saa umemfutia siku yake kuu, na kusogeza mchezo kwa saa moja kunalitatua.

Kwa jambo linalohusu fedha, ardhi au ugomvi wa watu wanaojulikana, mikono na vidole havifai. Tumia vikaratasi vya siri.

Hatua ya 15: Baada ya kikao

Wakati wa kikao mpe mtu kazi ya kuweka alama kila anapoongea mtu: mwanamke au mwanamume, kijana au mtu mzima, wa mbele au wa nyuma. Asiandike majina. Hesabu hiyo itakuambia ukweli ambao hisia zako zitakuficha, maana kikao kilichochangamka huwa kinaonekana cha watu wote hata kama waliochangamka walikuwa sita.

Ndani ya siku chache rudisha muhtasari kwa njia ambazo watu wanazitumia kweli: karatasi mahali wanapopita, ujumbe wa simu, ujumbe wa sauti kwa wasiosoma, na maelezo ya ana kwa ana kwa wale uliowafuata katika hatua ya 2 ambao bado hawakuweza kufika. Muhtasari useme yaliyoamuliwa, yaliyokataliwa na sababu yake, nani anafanya nini hadi lini. Weka muda wa kupokea masahihisho, tuseme wiki moja, na utaje mtu wa kumpelekea ambaye si mwenyekiti. Masahihisho yakija, toa toleo jipya lenye tarehe, na la zamani libanduliwe ukutani.